Kambi Tatu za Nimpaye

Zita alipoambiwa kwamba binti yake amechaguliwa kwenda kambini, aliliweka jembe chini akakaa palepale kwenye tuta la maharage.

"Kambi gani tena?" aliuliza.

"Si kambi ile, mama," Nimpaye alijibu. "Ni kambi ya wasichana wa sekondari, likizo ya Juni. Tunaenda Biharamulo kufundishwa kompyuta."

"Mtalala huko?"

"Ndiyo."

"Mtapikiwa na watu msiowajua?"

"Ndiyo, mama. Ni shule ya bweni."

"Ina geti?"

Nimpaye akacheka. "Shule gani ya bweni haina geti?"

"Basi ni kambi," Zita akasema, akainuka kuendelea kupalilia.

Hakuwa mjinga. Alijua fika kwamba neno moja hubeba mambo mawili. Lakini alikuwa amekula ujana wake wote kambini, na neno lenyewe lilimkaa kooni kama mfupa.

Alivuka kutoka Burundi kuja Ngara mara ya kwanza akiwa msichana mbichi, katika yale mafuriko ya watu yaliyoijaza wilaya nzima vibanda vya turubai. Aliwekwa kambi ya Lukole. Huko aliolewa, na huko Nimpaye akazaliwa. Msimu wa kulima ulipofika, wakimbizi wenye nguvu walikuwa wakichomoka kambini kwa njia za porini kutafuta vibarua, na ndivyo Zita alivyofika Murukulazo, kijijini kwetu, kwa Protasi na mkewe Ildefonsa, akiwa na mtoto mgongoni. Ildefonsa naye alikuwa na binti wa rika hilohilo, jina lake Nice. Zita alipougua akiwa pale, Ildefonsa aliwanyonyesha watoto wote wawili, huyu titi hili na yule titi lile, mpaka mgeni akapona. Tangu hapo wale wanawake wakaitana dada.

Lukole ilifungwa, wakimbizi wakarudishwa Burundi. Mwaka uliofuata homa ilimchukua Nice kabla hajaanza darasa la kwanza. Protasi alimzika nyuma ya nyumba, mwisho wa migomba.

Halafu ukaja mwaka elfu mbili na kumi na tano. Mumewe Zita alichukuliwa na watu waliokuja na gari mchana kweupe, na hakurudi. Zita akamshika binti yake mkono, wakavuka mto Ruvubu kwa mtumbwi. Ng'ambo waliwakuta maelfu wengine wakipangwa kusubiri mabasi ya kuwapeleka kwenye kambi za Kigoma. Zita hakupanga mstari. Alipita pembeni kama mtu anayekwenda kuchota maji, akatembea hadi kwenye ua wa Ildefonsa.

"Kambini sirudi, dada," alisema kabla hata ya kukaa. "Mimi ilinimaliza. Huyu isimmalize."

Protasi alikuwa mwenyekiti wa kigango cha kanisa pale kwetu, mtu wa maneno machache, ambaye hata akikukemea alikukemea taratibu. Alilitafakari jambo hilo mpaka Jumapili. Baada ya ibada alitoa cheti cha ubatizo kwenye sanduku, akakiweka juu ya meza mbele ya yule binti wa miaka kumi na mitatu.

"Ukiulizwa shuleni, unaitwa Nice Protasi. Zita ni mama yako mdogo, amekuja kutusaidia shamba. Unaelewa?"

"Ndiyo, baba."

Ildefonsa aliondoka akaenda migombani. Alipotoka huko macho yalikuwa mekundu, lakini alisema, "Njoo, mwana wanje, mwanangu, tukatafute sketi ya shule."

Kitongoji kizima kilijua. Nani asiyejua, na sote tulikuwepo kwenye mazishi ya Nice? Lakini Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, mtoto hakuwa na ulimi wa kumsaliti, na watu walimheshimu Protasi. Wakanyamaza. Hata Malongo, jirani yake wa bondeni, alinyamaza, ingawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mbuzi wa Malongo waliwahi kufyeka maharage ya Protasi, kesi ikapelekwa kwenye baraza la kijiji, na Malongo akaaibishwa mbele ya wakwe zake. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa kukohoa. Lakini hata yeye aliona kwamba kumchongea mjane na mtoto kungemvua utu mbele ya watu, akaliacha.

Hivyo Nimpaye akakua akiwa na majina mawili, moja la nyumbani na moja la nje. Alifaulu darasa la saba. Akaingia sekondari ya kata, na huko hesabu zilimfungukia kama mlango usio na komeo. Alipokuwa kidato cha pili, shirika moja lilikuja shuleni kutafuta wasichana wa kupeleka kwenye mafunzo ya usalama wa mtandao. Wakawapa mtihani mdogo wa mantiki. Nimpaye akawa wa kwanza.

*

Kule Biharamulo walikuta vumbi la kiangazi na madarasa yaliyokuwa yamefungwa kwa likizo. Chumba kimoja kilikuwa na kompyuta mpakato mpya, na nje jenereta iliunguruma kutwa. Wasichana walitoka kila upande, wengine Ntobeye, wengine Bisibo, wengine palepale mjini. Jioni waliimba, wakasukana, wakagombania ndoo za kuogea. Nimpaye alisema baadaye kwamba hajawahi kucheka kama alivyocheka kwenye bweni lile.

Mwalimu wao mkuu aliitwa Swabaha. Alikuwa mtoto wa pale Biharamulo, binti wa Habibu muuza vitenge, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka Pwani zamani wakalowea. Swabaha alikuwa amesoma kompyuta Mwanza, akarudi. Alivaa mtandio na viatu vya raba, akafundisha akitembea huku na huku kama mtu anayeuza mnadani.

"Nani amewahi kupata ujumbe wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'?" aliuliza siku ya kwanza.

Mikono yote ikapanda, kicheko kikalipuka.

"Na nani nyumbani kwao aliituma?"

Kicheko kikakatika. Mikono michache ikabaki juu, kwa aibu.

"Basi msione haya. Mwizi wa mtandaoni havunji mlango. Anasubiri umfungulie mwenyewe. Kazi yetu hapa ni kujifunza nani wa kufunguliwa na nani asifunguliwe."

Nimpaye aliyameza maneno hayo kama mtu mwenye kiu. Yeye peke yake, kati ya wasichana wale wote, alikuwa ameishi hivyo tangu utotoni. Kutunga nywila isiyokisiwa, kutosema zaidi ya unachoulizwa, kumtambua mtu anayejifanya mwingine: wenzake walijifunza, yeye alikumbuka tu. Swabaha alimwona. Akaanza kumpa maswali magumu pembeni, kisha akamwambia mbele ya darasa zima kwamba ana kichwa cha kazi hii.

Kisha likaja zoezi la kutafutana. Kila msichana alipewa mwenzake, amchunguze mtandaoni, aone mgeni anaweza kujua nini juu yake. Wa kumchunguza Nimpaye alikuwa Mwanne, msichana wa mjini aliyelala kitanda cha juu yake. Wengine walipata picha za harusi za dada za wenzao, namba za simu, matangazo ya misiba yenye majina ya ukoo mzima. Mwanne alihangaika mpaka akachoka.

"Madamu, huyu Nice hayupo," alisema kwa sauti. "Hayupo popote! Kama hajazaliwa."

Darasa likacheka. Swabaha akacheka pia, akasema huo ndio ushindi. Lakini alimwona Nimpaye amekauka midomo, na wakati wa chai akamfuata chini ya mikaratusi, mahali walipokuwa wakianika nguo.

"Kuna mtu anakusumbua nyumbani?"

"Hapana, madamu."

"Mbona umebadilika?"

Nimpaye alitazama kanga zilizopepea kwenye kamba. Alikuwa amefundishwa kunyamaza na watu waliompenda, na sasa alikuwa mbele ya mtu aliyempenda pia. Hilo ndilo lililomshinda.

"Nikikwambia, utamwambia nani?"

"Simwambii mtu. Wallahi."

Akamwambia. Lukole, gari lililomchukua baba yake, Ruvubu, cheti cha ubatizo, kaburi la migombani. Alisema kila kitu, kwa haraka, kama mtu anayetua kuni kichwani. Alipomaliza alijihisi mwepesi hata akaogopa wepesi wenyewe. Swabaha alikuwa akilia. Akamshika mabega akamwambia, "Wewe ni shujaa, unajua? Siku moja utasimama mbele ya watu na jina lako mwenyewe."

Nimpaye alirudi Murukulazo na cheti na fulana ya bluu. Hakumwambia mama yake kwamba amesema.

*

Mkubwa wa Swabaha kwenye shirika lile aliitwa Derick. Ndiye aliyeshughulika na wafadhili. Mafunzo yalipokwisha, alimwita Swabaha ofisini.

"Wafadhili wanataka hadithi," alisema. "Hizi takwimu hazimlizi mtu. Nipe msichana mmoja mwenye maisha. Bila hivyo sahau kambi ya mwakani."

"Wapo wengi. Kuna yule wa Bisibo anayemsaidia mama yake na duka."

"Duka!" Derick alisema. "Swabaha, kuna vijiji vizima vya wasichana wanaotusubiri, na wewe unaniletea duka?"

Swabaha alikuwa ameipigania kambi ile mwaka mzima, akienda shule moja hadi nyingine kwa bodaboda. Aliwafikiria wasichana wa mwakani. Akaanza kwa kusema, "Kuna mmoja, lakini hatutaji jina," na kwa kuwa alianza, akamaliza.

"Jina tutabadilisha," Derick alisema, tayari anaandika. "Hilo ndilo la kwanza."

Na kweli walilibadilisha. Siku chache baadaye ilitoka kwenye tovuti na kurasa zote za shirika: habari ya msichana aliyeitwa kwa jina la kubuni, aliyezaliwa Lukole, aliyekimbia vita kama mama yake, anayeishi kijijini karibu na mpaka kwa jina la mtoto aliyefariki, na ambaye leo anawalinda wenzake dhidi ya wadukuzi. Juu yake waliweka picha. Nimpaye alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, anatabasamu, uso mzima, na sweta la shule yake lenye nembo kifuani.

Habari zilifika Murukulazo kwa shangwe. Mkuu wa shule, Mwalimu Gozbert, aliiona picha kwanza, na kwa furaha hakusoma zaidi. Asubuhi mstarini akatangaza kwamba mwanafunzi wa shule ile anaonekana dunia nzima. Wanafunzi wakapiga makofi. Nimpaye akaitwa mbele. Mwalimu akamgeuzia simu ajione, naye, tofauti na mwalimu wake, akasoma.

Waliokuwa mstari wa mbele wanasema hakulia. Alisoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, naomba simu yako nimpigie Madamu Swabaha."

Swabaha alipokea akiwa dukani kwa baba yake.

"Madamu, mmetoa uso wangu," Nimpaye alisema.

"Nini?"

"Mmetoa uso wangu na maneno yangu yote. Hujaona?"

Swabaha hakuwa ameona. Alifungua simu, akaona, akakaa chini juu ya marobota ya vitenge. Kisha akampigia Derick, aliyekuwa Mwanza kwenye mkutano.

"Iondoe sasa hivi."

"Iondolewe kwa nini? Imependwa kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Jina tumebadilisha, kama ulivyotaka."

"Na uso?"

"Baba yake aliridhia picha, kama wazazi wote."

"Aliridhia picha, Derick! Hakuridhia kaburi la mtoto wake!"

Ndipo Derick akaelewa, au akajifanya. Akasema ataiondoa. Lakini kijana mwenye nywila ya tovuti alikuwa likizo na simu yake haipatikani, na hakuna mwingine aliyeijua. Wao waliowafundisha watoto wa watu kutunza funguo walijifungia nje ya nyumba yao wenyewe. Mpaka anapatikana, wiki ilikuwa imegeuka, na picha ilikwishapita kwenye makundi ya WhatsApp ya shule, ya kwaya, ya wauza ndizi, hadi ng'ambo ya mto. Tovuti ilisafishwa. Simu za watu hazikusafishwa.

*

Siku ile ya mstarini Nimpaye hakungoja kengele ya kutoka. Alikwenda moja kwa moja shambani kwa mama yake.

"Nilisema, mama," alisema. "Nilimwambia mwalimu mmoja."

Zita hakumpiga wala hakumkemea. Alikwenda ndani akaanza kufunga vitu kwenye kitenge: sufuria, blanketi, rozari. Alifunga kwa mikono iliyojua kazi hiyo.

Protasi alimkuta hivyo. "Unakwenda wapi?"

"Popote, shemeji. Kabla hawajaja."

"Nani aje? Ni nani hapa atakayekwenda kusema? Miaka minne watu hawa wamenyamaza."

"Walinyamaza kwa sababu ilikuwa siri."

"Walinyamaza kwa sababu ni watu," Protasi akasema. "Fungua mzigo huo. Binti ana mtihani wa kidato cha pili Novemba. Akitoroka sasa amejifunga mwenyewe."

Nimpaye alitaka waondoke. Alimwambia hivyo wazi, kwa adabu, na Protasi akamjibu kwa adabu kwamba yeye anawajua majirani zake. Zita akafungua mzigo. Alikuwa amekula chakula cha mtu yule miaka minne, hakuweza kumwambia usoni kwamba amekosea.

Protasi aliwajua majirani zake vizuri. Kitu kimoja tu ndicho hakukifikiria. Zamani, mtu aliyetaka kuwachongea ilimpasa asimame na maneno yake mwenyewe, na kitongoji kingejua ni nani. Sasa maneno yalikuwepo tayari, yameandikwa na watu wasomi, yana picha. Mtu alihitaji kunyoosha mkono tu na kuonyesha simu. Malongo alinyoosha.

Walikuja mchana, maofisa wawili wa uhamiaji na mgambo wa kijiji. Familia ilikuwa uani ikipura maharage. Hawakuwa watu wabaya, mmoja alimwamkia Ildefonsa vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba huku fimbo ya kupuria ikiwa imeganda mkononi.

"Huyu ni nani?" ofisa aliuliza.

"Ni mwanangu."

"Jina lake?"

"Nice. Nice Protasi. Muulize padri, ana cheti."

Ofisa alivua kofia. Nadhani aliona aibu, kwa maana alisema kwa sauti ya chini. "Mama, mwanao yuko kule migombani. Tumeonyeshwa."

Ildefonsa alipiga yowe moja tu. Sisi tulioko mlima wa pili tulilisikia, tukajua ni msiba, ila hatukujua wa nani.

Nimpaye alisimama, akakung'uta makapi kwenye sketi. "Mimi ni Nimpaye," alisema. "Huyu ni mama yangu. Hawa hawana kosa, walituonea huruma."

"Huruma haina kibali, binti," ofisa alijibu, na wakapandishwa garini wote watatu: Zita, Nimpaye, na Protasi kwa kosa la kuwahifadhi. Maharage yalibaki pale uani, kuku wakayala.

*

Protasi alikaa rumande Ngara mpaka Ildefonsa alipouza ng'ombe na ndama wake. Alirudi na kikohozi na bila uenyekiti wa kigango, kwa kuwa waumini walisema, kwa upole sana, kwamba mzee apumzike. Malongo alikwenda kumpa pole. Alikaa kwenye kigoda, akageuza kofia mikononi.

"Mimi sikusema neno, Protasi," alisema. "Ilisema simu."

Protasi alimtazama, akamwambia Ildefonsa amletee mgeni maji ya kunywa. Malongo akanywa, akaaga. Hawajawahi kuongea tena.

Swabaha naye alikuja. Alikuwa ameacha kazi. Alifika kwa bodaboda, mtandio umejaa vumbi, akapiga magoti uani kabla ya kukaribishwa. Alisema alidanganyika, alisema hakujua kuhusu picha, alisema ataandika barua kila mahali mpaka mtoto arudi shuleni. Ildefonsa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nice wetu alikufa kwa homa," alisema. "Tukalia, tukanyamaza. Mungu akatuletea mwingine wa kubeba jina lake. Ninyi mmemfukua mtoto wangu mkamwonyesha watu, ili mpate nini?"

"Nisamehe, mama."

"Padri anasema tusamehe. Basi nitajaribu. Lakini usije tena hapa."

Zita na Nimpaye walipelekwa kambini kule Kibondo. Hiyo ikawa kambi ya tatu ya binti, ukihesabu ile ya Biharamulo, na Zita alikuwa akiihesabu. Kule shule za wakimbizi zilifundisha mtaala wa Burundi, kwa Kifaransa. Nimpaye alikuwa amesoma kwa Kiswahili na Kiingereza, Kifaransa chake kiliishia utotoni. Akarudishwa nyuma, akakaa benchi moja na watoto wanaomfika kiunoni, magoti yakigonga meza. Mwalimu alimuuliza swali la hesabu alilolijua toka zamani, akashindwa kulijibu kwa sababu hakuelewa swali. Watoto wakacheka. Alivumilia muhula mmoja.

"Nenda shule," mama yake alimwambia siku alipobaki amelala.

"Shule gani, mama?"

Zita akasema jambo ambalo alikuwa amelizuia miezi yote ile. "Ungenyamaza tu. Siku moja ile. Ungenyamaza."

Nimpaye alikaa kitandani. "Nilichoka kutokuwepo, mama," alisema.

Barua za Swabaha hazikufika mahali popote. Zawadi alizotuma, sabuni na vitabu, Nimpaye alizigawa bila kuzifungua. Mwaka uliofuata maneno ya kurudi Burundi yalivuma kambini, mgao wa chakula ukapungua, na Zita akajiandikisha. Walirudi wakakuta shemeji yake, ndugu wa mumewe, amepanda mihogo mpaka mlangoni mwa nyumba iliyokuwa yao. Aliwapa chumba cha nyuma.

Ildefonsa alimwona binti tena mara moja. Ilikuwa sokoni Kabanga, kwenye barabara ya mpaka, alikopeleka parachichi. Alimwona mwanamke mwembamba amebeba gunia kichwani katikati ya wabebaji wengine, wanaovusha mizigo ya wafanyabiashara kwa njia za miguu, na akajua ule mwendo. Akaacha parachichi zake akamkimbilia.

"Mwana wanje!"

Nimpaye alisimama. Hakutua mzigo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yako?"

"Yupo. Mgongo unamsumbua. Analima kwa watu."

"Na wewe unakula? Njoo nikupe chakula, kuna mama ntilie pale. Kaa kidogo tu."

"Mama, nisikae nawe hapa," Nimpaye alisema, macho yakipita juu ya bega la Ildefonsa, yakipima watu. "Sina karatasi. Wakituona wote wawili watakusumbua tena. Baba hajambo?"

"Anakohoa."

"Mwambie anywe maji ya moto."

Wabebaji wenzake walikuwa wameshatangulia. Akaomba ruhusa kwa kuinamisha kichwa kidogo, kadiri gunia lilivyomruhusu, akaondoka kwa haraka. Ildefonsa aliporudi kwenye parachichi zake alikuta mbuzi amekula nusu.

Jioni alimwambia mumewe. Protasi alikuwa akila ugali, akaacha tonge sahanini.

"Amekonda?"

"Amekonda."

"Anasoma?"

"Anabeba magunia, Protasi."

Akanawa mikono ingawa hakuwa amemaliza. Alikohoa muda mrefu, na kikohozi kilipotulia alisema, bila kumtazama mkewe, kwamba akimwona tena, ampe salamu, lakini amwambie asije huku. Ildefonsa alitoa vyombo. Hakumuuliza kama anasema hivyo kwa kumwonea huruma binti, au kwa kumwogopa.